Mlango Huu Usinyooshwe Kwanza

Hotuba kwa mafundi wa bodi na wachomeleaji wa Katwe, Kampala

Mwenyekiti wetu wa LC1, baraza la mtaa, wazee wangu, mama zangu mnaowapikia watu hawa chai na chapati kila siku, nanyi vijana mliozima mashine ili nisikike: asanteni. Katwe ikinyamaza saa moja kuna watu wanapoteza hela, najua, kwa hiyo sitawakalisha hadi jua lichwe.

Nimeambiwa niseme Kiswahili, nami nimefurahi. Kiganda changu ni cha kununulia matoke tu, na hapa naona watu wa Busia, wa Arua, wa Kasese, hata wa Bunia. Wengine wenu Kiswahili mlikisikia mara ya kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, kikitoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki, na hakuwa anauliza habari za nyumbani. Nami niliwahi kuvaa magwanda yale. Leo nimekuja kuomba.

Huu uliopo mezani ni mlango wa nyuma wa gari dogo, ule wa kulia. Msiogope, hakufa mtu. Ulipigwa risasi kwenye uwanja wa shabaha, ni mlango wa kufundishia. Una matundu manne na mkwaruzo mmoja. Nitasema baadhi yake, halafu mtausogelea wenyewe.

Kwanza niwape kisa cha mlango mwingine ambao sikuweza kuja nao.

Miaka mingi nyuma, nikiwa bado mgeni katika kazi ya kuchunguza silaha, nilitumwa wilayani kuangalia pikapu iliyopigwa risasi usiku. Dereva alikuwa amefariki. Watu wawili walikuwa na maneno mawili. Mlinzi wa jengo alisema pikapu ilimjia usoni, akafyatua kuokoa roho yake. Utingo aliyekuwa amekaa nyuma alisema hapana, pikapu ilikuwa imeshampita mlinzi, inaondoka zake. Mnaona uzito wa jambo hilo. Kama risasi ilitoka mbele ikielekea nyuma, mlinzi anaeleweka. Kama ilitoka nyuma ikielekea mbele, mlinzi ana maswali ya kujibu mahakamani. Na risasi hiyo ilipita kwenye mlango wa dereva.

Nilifika siku ya sita. Kituo kilikuwa kimeshaliachia gari, uwanja umejaa, mwenye gari analia na mkopo. Nikalikuta gereji linang'aa. Fundi mwenyewe alinishika mkono, akaupitisha juu ya bati, akaniambia kwa fahari, "Afande, huwezi kujua palikuwa na tundu." Nikapapasa. Kweli, kiganja hakikushtuka popote. Alikuwa fundi hodari kuliko wote niliowahi kukutana nao, na siku ile nilitamani angekuwa mvivu.

Tulifungua ngozi ya mlango kwa ndani. Bati la ndani hakuligusa, kwa nini aliguse, halionekani. Tundu lilikuwepo, limepasuka vizuri. Lakini tundu moja ni nukta. Ili upate mstari unahitaji nukta mbili, na ile ya pili ilikuwa chini ya puti, praima na rangi tabaka mbili. Kesi ikabaki neno la mlinzi dhidi ya neno la utingo. Mnaweza kukisia nani alikuwa na wakili.

Simlaumu fundi yule. Hakuna aliyemwambia. Ndiyo maana nimekuja.

Sasa tuuangalie mlango huu. Tundu la kwanza, hili la juu karibu na kitasa. Nyote mmewahi kutoboa kopo kwa msumari: upande unaopigia, bati huzama; upande wa pili, bati hupasuka na kutoa midomo kama ua linalochanua. Risasi nayo hufanya hivyo hivyo kwenye bati jembamba. Ukikuta midomo imeelekea ndani ya gari, risasi ilikuja kutoka nje. Rangi nayo husema: pembeni mwa tundu la kuingilia hubanduka vipande, na bati linalolizunguka huwa limebonyea kidogo kuelekea kule risasi ilikokwenda. Ninyi mnaonyoosha mabonde kila siku mnayaona haya kwa vidole kabla ya macho, kuliko hata sisi wa maabara.

Lakini msiende mkasema Afande katufundisha kanuni moja ya kila chuma. Geti la bamba nene ni kitu kingine. Risasi ya bunduki ya kivita ikigonga bamba nene kwa kasi, chuma hufanya kama uji mzito uliodondoshewa jiwe: kinarushwa pande zote, hata kule risasi ilikotoka. Utakuta midomo mbele na nyuma. Nimewaona wapelelezi wakibishana mbele ya geti la namna hiyo, kila mmoja akiapa, na wote wawili wakionyesha mdomo ulio wazi kabisa.

Kuna pete. Hii msiiguse, itazameni tu kwa tochi. Pembezoni mwa tundu kuna ukingo mweusi mwembamba, kama doa la risasi ya penseli. Risasi inatoka mtutuni na uchafu wake: masizi, mafuta, madini ya risasi iliyotangulia. Kitu cha kwanza inachogusa ndicho inachojifutia, kama mtoto anavyofuta mikono kwenye gauni la mama yake. Bati la pili halipati pete ya namna hiyo. Kwa hiyo ukiona pete kwenye bati la nje, umejua lililotangulia kuguswa. Pete hiyo inaondoka kwa tina moja. Inapungua kwa maji ya presha kule mnakooshea magari. Msasa namba yoyote unaimaliza.

Pete hiyo ndiyo tunayoitafuta kwa kemikali. Karatasi ya chujio yenye unyevu hukandamizwa juu ya tundu ili ivute mabaki, halafu inawekewa dawa. Ya shaba hutangulia, ikikutana na shaba hugeuka kijani cha giza. Kisha ya madini ya risasi, ile metali laini ya kijivu (lead), na dawa yake inaitwa sodiamu rodizoneti: hutoa rangi ya waridi, na ukiongeza asidi nyepesi ya haidrokloriki inageuka zambarau ya kibuluu. Mabadiliko hayo mawili ndiyo ushahidi. Waridi peke yake hatuiamini. Na hapa kuna mtego: rangi za magari ya zamani ziliwekwa madini hayo hayo. Ndiyo maana lazima kipande safi cha mlango ule ule, mbali na tundu, kipimwe pia. Ukikipaka kote rangi mpya, hata hicho cha kulinganisha umekichukua.

Twende kwenye tundu la tatu, hili refu lililolala kama jicho. Risasi ikija moja kwa moja, tundu ni duara. Ikija kwa ubavu, tundu linarefuka. Leta rula. Upana milimita 8, urefu milimita 16. Gawanya upana kwa urefu unapata nusu, na vijana waliosoma hesabu za pembetatu watawaambia kwamba hiyo ni nyuzi 30. Yaani risasi ilikuja imeinama nyuzi 30 kutoka usawa wa bati. Rahisi, sivyo? Sasa niiharibu hesabu hiyo. Bati hunepa, hupasuka, hukunjika, na urefu wa tundu si lazima uwe urefu wa kivuli cha risasi. Risasi ikiwa imekuja karibu moja kwa moja, tofauti ya upana na urefu ni ndogo mno, unapima ndoto. Mchunguzi mwaminifu huacha nafasi ya kukosea ya nyuzi 5 hivi kila upande. Nyuzi 5 zinaonekana si kitu, lakini kwa umbali wa mita 20 ni karibu mita moja na robo tatu. Hiyo inatosha kumhamisha mtu kutoka mlangoni hadi dirishani.

Ndiyo maana tunapenda nukta mbili. Bati la nje na bati la ndani, unapitisha ufito mwembamba ulionyooka, unauona mwelekeo kwa macho yako. Usilazimishe ufito, ukilazimisha unatengeneza mwelekeo wako mwenyewe. Na kalamu ya mpelelezi mwenye haraka isiingie humo kabisa.

Sasa hili ni lenu hasa, kwa sababu ninyi ndio mnaojua gari linavyosimama. Tairi zikitobolewa, gari linashuka. Likivutwa na kuletwa kwenu, mnalipandisha kwenye mawe, limepanda. Mlango ulikuwa wazi au umefungwa? Mlango uliofunguka nusu ukipigwa, halafu mtu akaufunga na kupima, jibu linakwenda barabara nyingine kabisa. Mzigo nyuma ulikuwa kiasi gani? Springi zimechoka? Mimi nina maikroskopu, lakini fundi ndiye aliyeniambia siku moja, "Afande, gari hili halikai hivi, upande wa kushoto leafu imevunjika zamani." Tukalirudisha kwenye kimo chake, mstari ukahama kutoka juu ya ukuta hadi kwenye lango. Nisingeliona hilo kwa miaka mia.

Mkwaruzo huu wa chini msiudharau. Hapa risasi haikuingia, iliparaza na kudunda. Kwenye boneti na paa za magari ndiyo mnayokutana nayo sana. Mwanzo wa mkwaruzo, rangi imebanwa kati ya risasi na bati, ukingo ni laini umesuguliwa. Mwisho wake ni wa fujo. Na tazameni kwa makini: kule mwishoni, upande wa kulia kuna mkia mwembamba unaoendelea baada ya upande wa kushoto kuisha. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayoizungusha risasi. Bunduki tunayoiita SMG, ile AK, ina mifereji minne na inazungusha kulia. Risasi ikisuguliwa tumbo na bati inabapa, na kwa kuwa bado inazunguka, ukingo wake wa kulia unashuka na kukwaruza zaidi. Mkia upo kulia, basi mzunguko ni wa kulia, na umejua pia mwanzo na mwisho wa safari. Silaha nyingi huzungusha kulia, kwa hiyo usidhani umeshamkamata mtu. Lakini bastola nyingine, kama rivolva za Colt, huzungusha kushoto. Ukikuta mkia kushoto, kaa kitako.

Mabati ya nyumba nitayapitia haraka. Bati la mawimbi linadanganya kwa sababu risasi inagonga kilima au bonde, na tundu linaonyesha pembe ya mteremko ule mdogo badala ya pembe ya paa zima. Kwa hiyo tundu la paani peke yake msiliamini. Tafuteni lilipoishia, sakafuni, kwenye godoro, kwenye sufuria. Na msingoje kutu iwaambie tarehe. Bati lililo karibu na ziwa na bati la Karamoja kule kukavu hayashiki kutu sawasawa.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera. Watu hutazama gari lenye matundu kwenye televisheni na kesho yake wanasema, wataalamu wamesoma matundu, wamejua bunduki. Hapana. Tundu kwenye bati halitaji bunduki. Hata ukubwa wa risasi halisemi kwa hakika, maana bati jembamba hujivuta na bati nene hupanuka. Linaweza kukuambia ilitoka wapi, ilielekea wapi, ipi ilitangulia pale makovu yanapopandana, kama kulikuwa na kitu kati. Hayo si madogo. Lakini jina la bunduki hulipati humo.

Jina linatafutwa kwenye ganda lililodondoka na kwenye kichwa cha risasi, kwa maikroskopu inayotazama vitu viwili kwa pamoja. Kazi hiyo ilishika njia mwaka 1925 kwa akina Calvin Goddard na Philip Gravelle kule Marekani. Hapa kwetu, baada ya mauaji yaliyotutikisa, Andrew Felix Kaweesi, msemaji wa polisi, akiwa ndani ya gari lake Kulambiro hapa Kampala tarehe 17 Machi 2017, na wengine baada yake, rais aliagiza mwaka 2018 bunduki zote zichukuliwe alama. Maana yake ni kufyatua kila bunduki na kuhifadhi maganda na vichwa vyake ili siku moja vilinganishwe. Ni jambo zuri. Ila hata huko, wenzetu wameanza kuwa waangalifu: mwaka 2023 mahakama ya juu ya jimbo la Maryland, Marekani, ilikataza mtaalamu kutamka bila sharti lolote kwamba risasi fulani ilitoka kwenye bunduki fulani. Mimi nilikasirika niliposoma. Nikalala, nikaamka, nikaona mahakimu wale hawakukosea sana.

Na kichwa cha risasi kilichopita kwenye milango miwili mara nyingi kimeshasuguliwa, mifereji imefutika. Ndipo mlango unapobaki shahidi peke yake.

Mtaniuliza, bati la gari lina thamani gani hivyo? Kuna gari Vienna, kwenye makumbusho ya jeshi. Ndilo alilokuwa amepanda Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria, na mkewe Sophie walipouawa huko Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Tundu lililopitisha risasi iliyomuua Sophie bado lipo ubavuni mwa gari, hakuna aliyelinyoosha, na zaidi ya miaka mia baadaye mtu yeyote anaweza kwenda kulitazama. Halafu kuna gari la John F. Kennedy, rais wa Marekani aliyepigwa risasi Dallas, tarehe 22 Novemba 1963. Kwenye fremu ya kromu juu ya kioo cha mbele palikuwa na mbonyeo mdogo. Kwenye kioo chenyewe mabaki ya madini ya risasi yalikutwa upande wa ndani. Fikirini ninyi mafundi: mabaki yako ndani ya kioo cha mbele, kipande kilitoka wapi? Nyuma. Kioo kilivuliwa na kuhifadhiwa. Gari lenyewe likapelekwa kutengenezwa upya na kurudi kazini. Watu wanabishana kuhusu siku ile mpaka leo, na gari halipo tena kama lilivyokuwa ili waliulize.

Basi ombi langu. Gari likiletwa na tundu ambalo si la msumari wala la kutu, msianze na nyundo. Piga picha kwa simu, umesimama sawa mbele ya tundu, rula pembeni, kisha nyingine ya mbali inayoonyesha mlango mzima. Mwite mwenyekiti ashuhudie, hiyo inakulinda wewe pia, maana najua hofu yenu: leo umetoa taarifa, kesho unaulizwa gari la majambazi lilifika kwako kwa njia gani. Andika tarehe, namba ya gari na jina la aliyelileta. Halafu peleka habari kituoni kabla hujafungua puti.

Ukivua ngozi ya mlango na kitu kikadondoka chini, kile kizito chenye shaba, usikishike kwa koleo. Koleo lina meno, na meno yake yataandika juu ya maandishi tunayoyatafuta. Kiviringe kwenye karatasi safi. Msikitafute kwa sumaku pia, ingawa najua mna sumaku nzuri. Risasi za SMG nyingi zina chuma ndani na zitanasa kwa nguvu, zikijigonga.

Na kama bati limeharibika kiasi cha kukatwa, kateni mbali, shibiri nzima kutoka kwenye tundu, na kihifadhini kipande. Juu yake andikeni kwa chaki: juu ni wapi, mbele ya gari ni wapi. Kipande cha bati kisichojua mbele na nyuma yake hakinisaidii kitu, nimeletewa vingi vya namna hiyo kwenye gunia.

Hela ya siku mlizosubiri? Swali la haki. Sina jibu la kuwapa, na sitawadanganya kwamba kuna mfuko fulani mahali. Nimelisema kwa wakubwa, nitalisema tena. Mwenye gari atawakasirikia ninyi, si mimi. Lakini yule utingo wa pikapu nilikutana naye miaka baadaye kwenye stendi ya Mbale, akanitambua kabla sijamtambua. Hakuniuliza kuhusu mlinzi. Aliniuliza kama ule mlango bado upo.

Basi. Mwenyekiti, fungeni hayo madirisha mawili, giza kidogo linasaidia. Tochi ishikeni chini, mwanga ulale juu ya bati, hivi, kivuli cha mbonyeo kitajitokeza chenyewe. Tundu la pili na la nne sikuyasema makusudi. La pili lilipigwa kutoka ndani, na la nne lilipigwa mlango ukiwa wazi. Anayenyoosha bodi kwa miaka mingi kuliko wote hapa asogee kwanza, atuambie ameona nini.